Alama Zilizofanana Mno

Kijiko kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti kuukuu, na dereva wa kiwanda alikikabidhi pamoja na bahasha huku akitazama viatu vyake mwenyewe.

"Wamesema nikupe na hiki," alisema. "Ni chako."

Alikataa maji, akakataa kiti, akakataa hata kumchungulia mtoto, yeye ambaye siku zote hakupita mlangoni kwa mtu bila kuulizia hali ya kila kiumbe mle ndani mpaka paka. Gari lilikwisha kupinda kona kabla mwenye kijiko hajamaliza kufungua gazeti.

Hakuwa na haja ya kusoma barua. Kijiko cha mwonjaji chai hakitoki kiwandani. Kina tumbo pana kuliko vijiko vya nyumbani, kinaning'inizwa kwenye msumari wake katika chumba cha uonjaji, na hakuna anayethubutu kukitia mdomoni isipokuwa mwenyewe. Ukienda likizo kinakungoja. Ukiugua kinakungoja. Huondolewa msumarini kwa mambo mawili tu, kufa au kuondoka, na yeye alikuwa hai, amesimama sebuleni kwake, maziwa yakimlowesha blauzi, na mtoto wake wa wiki nane akilia chumba cha pili.

Kazini walimwita Kimya. Kuonja chai ni kazi ya watu wasiosema, na baada ya miaka tisa ya kazi hiyo alikuwa amezoea kufunga mdomo hata pale ambapo mtu mwingine angepiga kelele. Basi hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkono wa kochi akaisoma barua mara moja, polepole, akarudia sentensi ya mwisho.

Mama mkwe wake akatokea na mtoto begani. Mama huyo alikuja kusaidia uzazi kwa wiki mbili, na sasa alikuwa akimalizia ya nane bila dalili yoyote ya kufunga mzigo.

"Kuna nini? Mbona umepauka hivyo?"

"Wananiachisha kazi, mama."

"Wanakuachishaje na wewe uko likizo ya uzazi? Kitovu cha mtoto kimedondoka juzi juzi tu! Hao watu wamezaliwa na nani?"

Kimya alimsomea. Kiwanda kilikuwa kikipunguza wafanyakazi arobaini, na chumba cha uonjaji, kilichokuwa na waonjaji wawili, kingebaki na mmoja. Katika kuchagua wa kubaki, ofisi ilipitia alama za mwaka mzima, ikagundua kwamba kwa miezi minne kabla ya likizo yake alama zake zilifanana na za mwenzake kwa kila kikombe. Kwa hiyo ilionekana kuwa alikuwa akinakili. Alitakiwa kufika kwenye kikao siku ya Alhamisi kujitetea kabla uamuzi haujathibitishwa. Kisha ile sentensi ya mwisho, ndiyo iliyomkata maini: "Maelezo haya yamethibitishwa na mwonjaji mwenzako."

"Mwenzako yupi?" mama mkwe aliuliza. "Si yule aliyemletea mtoto blanketi?"

Ndiye. Hapakuwa na mwingine.

Yule mwenzake wote walimwita Mwalimu, kwa kuwa aliingia kiwandani miaka sita kabla ya Kimya na ndiye aliyemfundisha kazi. Alimfundisha kuvuta chai kutoka kwenye kijiko kwa nguvu na kelele, kitendo ambacho mezani kwa watu kingekufanya ufukuzwe, ili maji ya chai yatawanyike kinywani kote. Alimfundisha kuyatema kabla hayajapoa, kutokula kitunguu asubuhi, kutojipaka marashi, na kutoa alama bila kuuma maneno. Kimya alimwita dada, na hakuwa na dada mwingine. Mwalimu aliolewa miaka kumi na mmoja iliyopita na hakuwahi kupata mtoto. Jambo hilo halikuzungumzwa katika chumba kile, na Kimya alipopata mimba alikaa wiki mbili nzima akitafuta namna ya kumwambia. Alipomwambia, Mwalimu alimkumbatia mpaka vikombe vikagongana mezani.

Mwezi wa tatu wa mimba ladha ikampotea. Haikupungua, ilipotea. Aliamka siku moja kila kitu kina ladha ya chuma, maji, uji, hata mate yake, na alipofika kazini akavuta kijiko cha kwanza, chai nayo ikawa chuma. Kikombe cha pili chuma, cha tatu chuma. Alisimama mbele ya vikombe kumi na viwili, kalamu mkononi, hana cha kuandika. Mwalimu alimtazama mara moja tu akajua.

"Usiende ofisini kusema," alimnong'oneza walipokuwa wakimwaga makapi. "Ukisema watakuhamishia kwenye upakiaji, na kiti hiki hukioni tena. Nawajua hawa. Mimi nitaonja kwanza, nitaacha karatasi yangu wazi. Wewe una macho."

"Je, wakigundua?"

"Watagundulia wapi, mdogo wangu? Nani mwingine ana ulimi hapa? Wewe punguza nusu alama hapa, ongeza nusu pale, zisifanane sana."

Hapo ndipo Kimya alipofanya kosa ambalo ni mwonjaji tu angelifanya. Waonjaji wawili hawakubaliani kwa kila kikombe hata siku moja. Wakikubaliana kwa vinane kati ya kumi na viwili wanapongezana, na ndiyo maana kiwanda kiliajiri wawili. Alilijua hilo kuliko ofisi nzima. Lakini kila aliposhika kalamu apunguze ile nusu, mkono ulimgomea. Kuandika kwamba chai ni kali kidogo kuliko alivyosema Mwalimu kungekuwa kuisingizia chai ambayo hakuionja. Kunakili aliweza, kwa kuwa alama zile zilikuwa za kweli, angalau kwenye ulimi wa mtu mmoja. Kubuni kulimshinda. Kwa hiyo miezi minne mizima alinakili sawasawa, kikombe kwa kikombe, kwa uaminifu wa kijinga kabisa.

Jioni ile alimpigia Mwalimu simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne iliita mara moja tu ikazimwa, na Kimya akaketi na simu mapajani akimtafutia mwenzake udhuru. Huenda yuko njiani. Huenda walimlazimisha kutia sahihi. Huenda walimwandikia maneno wenyewe. Alimpa udhuru mwingi kuliko ambao angejipa mwenyewe, na usingizi ulipomchukua alikuwa karibu kuamini kwamba Alhamisi Mwalimu angesimama mbele ya watu wote aseme, jamani, hili jambo tulilifanya wawili.

*

Alhamisi asubuhi alikwenda na mama mkwe na mtoto, kwani anayenyonya haachwi. Getini walimkuta mwakilishi wa wafanyakazi, mkaushaji wa zamani mwenye sauti iliyoharibiwa na miaka ya kupigana na mngurumo wa mashine. Alimvuta Kimya pembeni.

"Nieleze yote. Usinifiche hata moja, maana ukinificha utanivua nguo mle ndani."

Kimya alimweleza yote. Mzee alisikiliza, akajikuna shingo.

"Ulikosea jambo moja," alisema. "Mimba uliitolea taarifa, vizuri. Lakini ladha kupotea nako ni matokeo ya mimba, na ungeandika barua wasingekugusa. Sheria inasema mwanamke haondolewi kazini kwa mimba wala kwa yatokanayo na mimba. Wangekutafutia kazi nyingine kwa muda, kisha wangekurudisha kwenye kiti chako. Kinga inaanza siku ofisi inapopokea maandishi yako. Usipoandika, kwao ni kama haikuwahi kutokea."

"Kwa hiyo nimeisha?"

"Hujaisha. Mimba ilikuwa kwenye maandishi, na mengine tunaweza kuyaning'iniza hapo hapo. Lakini lazima useme mwenyewe kwamba ulikuwa huonji. Wakibaki na neno kunakili tu, hilo ni udanganyifu, na mkono wangu haufiki huko."

"Na wakiniuliza nilinakili kwa nani?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Hilo, binti yangu, siwezi kukushauri."

Kikao kilifanyika alasiri, katika chumba cha uonjaji chenyewe, kwa sababu chumba cha mikutano kilikuwa kimejaa watu wengine wa ile orodha ya arobaini wakisubiri zamu zao. Misumari miwili ilikuwepo ukutani, mmoja mtupu. Ofisa utumishi, kijana nadhifu anayetabasamu kila anapokaribia kusema jambo baya, aliweka mafaili juu ya meza ndefu. Mwalimu alikuwa amekaa upande wa ofisa. Kimya aliliona hilo kabla ya jambo lingine lolote: upande aliokaa. Alikuwa amekonda usoni, na hakuinua macho.

Ofisa alisoma alama. Kikombe cha kwanza, saba na saba. Cha pili, sita na nusu, sita na nusu. Alisoma za siku moja nzima, kisha za nyingine, na nyingine, kwa sauti ya mtu anayehesabu vitu vilivyoibwa.

"Mwalimu," alisema mwishoni, "wewe ulijua kama mwenzako ananakili karatasi yako?"

Kimya alijikuta amejiinamisha mbele. Alikuwa akingoja kwa moyo wake wote. Hata wakati huo, baada ya simu zisizopokelewa, baada ya kuona kiti alichokalia, bado alikuwa akingoja.

"Niliwahi kuhisi," Mwalimu alisema taratibu. "Lakini mimi huwa naonja, siangalii watu. Kama karatasi yangu ilikuwa wazi, ni kwa sababu sikufikiria kwamba mwenzangu anaweza kufanya jambo kama hilo."

Hakutetemeka. Maneno yalitoka yamepangwa vizuri, yamepigwa pasi. Kimya akaingiwa na hasira baridi ambayo hakujua kama anayo. Mtu huyu alikuwa wa kwanza kuushika mkono wake alipoingia chumba hiki akiogopa hata kutema. Mtu huyu alimwinamia mtoto wake wa siku saba akamshika muda mrefu, asitake kumrudisha, machozi yakimlengalenga, na Kimya akamwonea huruma. Na leo amemuuza mchana kweupe, tena akiwa amekaa.

"Una la kusema?" ofisa aliuliza, akitabasamu.

Kimya alisema. Alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema katika chumba kile kwa miaka tisa, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

"Ni kweli nilinakili. Kuanzia mwezi wa tatu wa mimba nilikuwa sionji kitu. Chai, maji, chakula, vyote vilikuwa chuma kitupu. Mimba mliijua, ninayo barua mliyoipokea na mkaipiga muhuri. Kuhusu kupotea kwa ladha sikuandika barua kwa sababu niliogopa mtanitoa hapa, na mkiangalia orodha yenu ya leo mtaona kama niliogopa bure. Sasa ladha imerudi. Wekeni vikombe hapa nionje."

Mwakilishi alikohoa, akasoma kifungu kimoja kutoka kwenye kijitabu kilichochakaa, kisha akakisoma tena kwa sauti zaidi, kwani ofisa alikuwa ameacha kutabasamu. Kumwondoa mwanamke kazini kwa hali iliyoletwa na mimba, naye yuko likizo ya uzazi, ni jambo ambalo kiwanda kingelazimika kulieleza mahali pengine, mbele ya watu wasiokunywa chai yao.

Ofisa alifunga faili moja, akafungua lingine. "Sawa. Hebu tukubali kwamba ulikuwa mgonjwa. Hizo alama ulizipataje? Uliziiba, au ulipewa?"

Mashine za ukaushaji zilisikika zikinguruma kupitia ukutani. Mwalimu aliinua macho kwa mara ya kwanza, na Kimya akaona hofu ndani yake, hofu kubwa kupita kiasi kwa mtu anayeweza kupoteza kazi tu. Aliiona, wala haikumzuia.

"Nilipewa," alisema. "Yeye ndiye aliyenipa. Lilikuwa wazo lake."

*

Ofisa alisema barua ya Kimya imesimamishwa, arudi nyumbani akamalizie likizo yake, na kwamba kiti chake kipo. Kuhusu mwenzake, aliyesaidia udanganyifu na kisha kusema uongo mbele ya kikao, hakuna kinga yoyote inayomhusu. Ataandikiwa barua kesho. Yote hayo aliyasema kwa pumzi moja, akionekana kama mtu aliyepungukiwa jina moja kwenye orodha na kulipata papo hapo.

Kimya alikwenda kwenye sinki la nyuma kunawa uso. Alitegemea kujisikia mshindi, au angalau mwepesi. Badala yake jambo alilolisema, lililokuwa la kweli kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, lilikuwa likimrudia masikioni. Alikuta sinki lina mtu. Mwalimu alikuwa ameinama juu yake, akitapika kimyakimya, kitaalamu, kama anavyotema chai.

Alipoinuka na kumwona, hakujitetea. Alifungua bomba akasukutua, akatema, akabaki ameshika ukingo wa sinki. Gauni lilimbana kiunoni mahali ambapo halikuwahi kumbana. Kimya aliangalia hapo, akaangalia uso uliokonda, na hesabu ikajifanya yenyewe.

"Miezi mingapi?"

"Minne kasoro."

"Basi siku ile ulipokuja kumwona mtoto wangu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nimejua jana yake." Mwalimu alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Miaka kumi na mmoja, mdogo wangu. Nilitaka kukwambia wewe kabla hata ya mume wangu. Nikarudi kazini nikasikia kwamba kitabaki kiti kimoja."

"Ukaona bora niondoke mimi."

"Niliona wewe umeshapata wako." Alisema hivyo bila kujificha, na ilimuuma Kimya kuliko uongo wote uliosemwa mezani. "Nilifikiri wewe una mtoto, una mume anayefanya kazi, una mama mkwe anayekubebea. Mimi nina hiki tu tumboni, nacho sijui hata kama kitafika. Nikiwaambia, ningekuwa wa kwanza kwenye orodha. Niliogopa hadi nikawa mtu nisiyemjua."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

Kimya alitaka kusema kwamba angerudi kazini siku hiyo hiyo na mtoto mgongoni, aonje kwanza, aache karatasi yake wazi. Alijua kwamba ingekuwa kweli. Ndiyo maana hakusema. Hakutaka kumpa Mwalimu hata hilo.

Mwalimu alijifuta mdomo kwa kiganja, na alipouliza, sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo, sauti ya mtu anayejifunza.

"Ladha ilikurudia lini?"

Kwa hiyo naye. Wiki hizi zote alikuwa akisimama peke yake mbele ya vikombe kumi na viwili vya chuma, akibuni alama, hana wa kumwangalia karatasi. Kimya alifikiria kumwambia kwamba hairudi. Neno lilifika hadi kwenye meno.

"Wiki ya sita baada ya kujifungua," alisema. "Ghafla tu." Kisha akatoka.

Uani mama mkwe alikuwa akitembea huku na huku akimtuliza mtoto, na alipomwona alianza kuuliza kwa mbali, "Wamesemaje? Kazi ipo?"

"Ipo, mama."

"Alhamdulillahi! Na yule nyoka?"

Kimya aligeukia geti. Mwakilishi alikuwa ameketi kwenye benchi la mlinzi, akiandika taarifa ya kikao juu ya goti lake. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na karani wa ofisi ya utumishi alikuwa akikusanya barua za siku kwenye trei, muhuri ukiwa bado mezani mbele ya dirisha lake. Hazikubaki dakika nyingi kabla ya kufunga.

"Nimalizie hapa?" mzee aliuliza bila kuinua kichwa. "Au mwenzako ana jambo lolote ambalo halimo?"

Blauzi ilikuwa imelowa tena. Mtoto alimsikia sauti, akaanza kulia kwa nguvu zote, na Kimya akampokea, akamweka begani, akamshika kichwa. Angeweza kusema hana. Mtu yeyote mwenye akili angemwelewa, na yule mwanamke kule ndani asingejua kamwe kwamba mzee aliuliza.

"Kamuulize mwenyewe," alisema. "Lakini muulize leo, na uende na karatasi aandike."

Mzee aliinua kichwa, akamtazama. Kisha akakunja taarifa yake, akainuka taratibu kutoka kwenye benchi, na Kimya akatoka nje ya geti na mtoto wake bila kungoja kuona kama angefika dirishani kwa wakati.